Sifuri ya injini na mzigo wa mchezaji

Tarehe 3 Desemba 2021, kwenye viwanja vya Expo huko Dubai, Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi walikaa mezani saa kumi na nusu jioni, wakainuka saa sita ya usiku imeshapita. Hatua 136. Saa saba na dakika 45. Ulikuwa mchezo wa sita wa kuwania ubingwa wa dunia wa sataranji, na mpaka leo hakuna mchezo wa ubingwa uliokuwa mrefu kuliko huo. Rekodi iliyovunjwa, hatua 124, ilikuwa ya Korchnoi na Karpov tangu 1978. Kete zilipobaki saba ubaoni, kompyuta haikuwa na haja ya kukisia tena, maana nafasi zote za kete saba zilishahesabiwa moja moja na kuhifadhiwa kwenye majedwali. Jibu lilikuwa sare. Likaendelea kuwa sare mpaka hatua ya 130, Nepomniachtchi alipompeleka malkia wake kwenye mraba wa e6. Angemweka mbali, sare ingekuwepo bado. Kuanzia hapo majedwali yakasema Carlsen anashinda, na akashinda.

Vijana ninaowafundisha waliniuliza swali ambalo kila mtu alikuwa akiuliza: "Mwalimu, si ilikuwa sare? Sasa alipotezaje?"

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Mombasa, na jioni nafundisha sataranji. Swali lile sikulijibu kwa maneno. Nilipakua mchezo wote pamoja na muda wa saa za wachezaji, nikauweka kwenye kompyuta yangu, na nikaanza kazi ambayo sijaiacha tangu siku hiyo: kujaribu kukadiria kwa hesabu uzito aliokuwa nao mchezaji kichwani kabla hajakosea. Injini, yaani programu ya kompyuta inayochambua sataranji, hutueleza vizuri sana kwamba hatua fulani ni mbaya. Haituelezi ilikuwa vigumu kiasi gani kuikwepa, kwa binadamu, saa tano za usiku, akiwa na sekunde kadhaa.

Nianze na hiyo namba inayoonekana pembeni ya ubao kwenye matangazo yote siku hizi. Injini kama Stockfish hupima nafasi kwa thamani ya askari mmoja, ikaigawa sehemu mia. Ikisema +1.00 kwa mweupe, yaani mwenye kete nyeupe, fahamu kwamba mweupe ana faida inayokaribia askari mmoja. Ikisema 0.00, pande zote ziko sawa, iwapo wote wawili watacheza kama injini inavyocheza. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Kuna 0.00 ambayo mweusi ana hatua kumi za kuchagua na zote ni salama, na kuna 0.00 ambayo ana hatua moja tu, na nyingine zote zaidi ya thelathini ni kaburi. Kwenye skrini namba ni ileile na mstari umesimama palepale katikati. Mmoja anapita darajani, mwenzake anavuka mto juu ya gogo moja, na sisi watazamaji tunaambiwa wako sawa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachopima ni upana wa njia. Naiambia injini isinipe hatua bora peke yake, inipe tathmini ya kila hatua halali iliyopo. Kisha nahesabu ni ngapi zinazoacha matokeo palepale yalipo. Zikiwa nyingi, njia ni pana. Ikiwa moja, au mbili, njia ni nyembamba na mchezaji ana mzigo, hata kama tathmini ni sifuri safi.

Lakini "palepale yalipo" inahitaji kipimo cha haki, na hapa hesabu za askari hupotosha. Kutoka +9.00 kwenda +8.00 umepoteza askari mzima kwa mujibu wa injini, ila mchezo bado umeushinda. Kutoka +1.00 kwenda sifuri umepoteza askari huyohuyo, na faida yote imekwenda. Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji ambayo ni huru na ya bure kwa kila mtu, ina kanuni iliyotokana na michezo halisi ya watu, inayogeuza thamani ya injini kuwa nafasi ya kushinda kwa asilimia. Kwa kanuni hiyo, +1.00 ni kama asilimia 59. Kuteremka kutoka hapo hadi sifuri ni kupoteza pointi tisa. Kuteremka kutoka +9.00 hadi +8.00 ni kupoteza pointi moja na nusu hivi. Nimeona watoto wakivunjika moyo kwa sababu programu imewaandikia kosa wakati walikuwa wanashinda kwa malkia mzima na wakachagua njia ndefu ya kumaliza. Huyo hakukosa kitu. Ndiyo maana hesabu zangu zote huzifanya kwa asilimia.

Cha pili ni saa. Kila mchezo wa saa unaochezwa Lichess huhifadhiwa ukiwa na muda uliobaki baada ya kila hatua, na mashindano makubwa ya ana kwa ana hufanya vilevile kupitia mbao za kielektroniki. Kule Dubai kila mchezaji alipewa dakika 120 kwa hatua 40 za kwanza, kisha dakika 60 kwa hatua 20 zinazofuata, kisha dakika 15, na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua ilianza kuanzia hatua ya 61. Soma tena utaratibu huo. Kabla ya hatua ya 40 hapakuwa na nyongeza hata ya sekunde moja. Mchezaji aliyebakiza dakika tatu na hatua nane ana sekunde 22 na nusu kwa kila uamuzi, na hakuna kitakachomwokoa. Katika mchezo wa sita wote wawili waliingia kwenye msongamano huo wa saa, na wote wawili walipitwa na nafasi za kushinda ambazo injini iliziona papo hapo. Siyo vijana wa mtaani hao. Mmoja alikuwa bingwa wa dunia na mwingine alikuwa ameshinda mashindano ya kumtafuta mpinzani wake.

Kwenye saa kuna mtego. Ukichukua michezo mingi ukailinganisha, utaona kwamba hatua zilizofikiriwa kwa muda mrefu mara nyingi ni mbaya kuliko zile za haraka. Mtu akiona hivyo anaweza kusema kufikiri sana kunadhuru. Sivyo. Mchezaji hukaa muda mrefu pale nafasi inapokuwa ngumu, na palipo pagumu makosa ni mengi. Muda mrefu wa kufikiri ni dalili ya mzigo, kama vile homa ilivyo dalili ya ugonjwa. Kwa hiyo nauhesabu mara mbili kwa maana mbili: dakika zilizotumika hunionyesha mchezaji alihisi uzito wapi, na dakika zilizobaki hunionyesha uzito utakaokuja.

Nilipokuwa natafuta kama kuna waliotangulia, nilikutana na kazi ya mwaka 2016 ya Ashton Anderson, Jon Kleinberg na Sendhil Mullainathan. Nawashukuru sana. Walifanya jambo la busara: badala ya kutegemea makadirio ya injini, walichukua nafasi zenye kete sita au pungufu, ambazo ukweli wake unajulikana kabisa, wakatazama wachezaji wa viwango vyote wanakosea wapi. Walikuwa na mambo matatu ya kulinganisha: ustadi wa mchezaji, muda alionao, na ugumu wa nafasi yenyewe, ambao waliupima kwa kutazama sehemu gani ya hatua halali ni za kuharibu. Ugumu wa nafasi ulitabiri makosa vizuri kuliko ustadi na kuliko muda, tena kwa mbali. Nilipoisoma nilisimama nikazunguka chumbani. Sisi walimu tunawagawa watoto kuwa "wazuri" na "dhaifu" na tunawapigia kelele kuhusu saa, kumbe kinachoeleza zaidi ni walichowekewa mezani.

Kabla yao, mwaka 2006, Matej Guid na Ivan Bratko wa Chuo Kikuu cha Ljubljana walikuwa wamewapima mabingwa wa dunia wote kwa injini iitwayo Crafty. Capablanca ndiye aliyetoka na makosa madogo kuliko wengine. Ila walijua kuwa kumlinganisha Capablanca na mtu kama Tal bila kutazama aina ya nafasi ni dhuluma, kwa sababu Capablanca alipenda nafasi safi na Tal alitafuta moto. Wakatengeneza kipimo cha ugumu ninachokipenda mpaka leo: unaiacha injini itafute kwa kina kidogo, kisha kina zaidi, kisha zaidi, na unatazama ni mara ngapi inabadili mawazo, na inabadili kwa tofauti kubwa kiasi gani. Nafasi ambayo injini imechagua hatua ileile tangu mwanzo mpaka mwisho ni nyepesi. Nafasi inayoifanya injini yenyewe igeukegeuke, kwa binadamu ni kazi nzito. Kipimo hiki nimekiweka kwenye programu yangu kama cha tatu, na hakihitaji kompyuta ya gharama. Laptopu ya kawaida ikiachwa usiku kucha inatosha.

Cha nne ni Maia. Hii ni injini iliyotengenezwa na watafiti wa Toronto, Cornell na Microsoft, na haikufundishwa kushinda. Ilifundishwa kwa mamilioni ya michezo ya Lichess ikadirie binadamu wa kiwango fulani atacheza nini. Kuna Maia ya reitingi, yaani alama za ustadi wa mchezaji, 1100, ya 1200, hadi 1900. Kwa vijana wangu hili ni jambo kubwa, kwa sababu wako humo humo. Stockfish ikisema "kosa kubwa", naiuliza Maia ya kiwango cha mtoto huyo: wenzake wangecheza nini? Nikikuta hata wao wangeangukia shimo hilohilo, najua nafasi ile ilikuwa mtego kwa kila mtu wa rika lake. Nikikuta wenzake wengi wangeiepuka, hapo ndipo namuita tukae chini tuzungumze, na mara nyingi mazungumzo hayahusu sataranji hata kidogo.

Turudi Dubai, maana huko ndiko vipimo hivi vinapokutana na mtu halisi.

Carlsen alitoa malkia wake kwa ngome mbili mapema, kwenye hatua ya 26. Mwisho wa mchezo akabaki na ngome, farasi na askari dhidi ya malkia. Kwa anayeshambulia katika nafasi ya namna hiyo, hatari ni ndogo: anasogea, anarudi, anajaribu upande huu, anajaribu ule, mfalme wake amejificha nyuma ya askari wake. Kwa anayejilinda, kila hatua ni swali jipya. Malkia ana miraba mingi ya kwenda, na wingi huo ndio taabu yenyewe, kwa sababu lazima aitenganishe iliyo salama na isiyo salama, akiwa na dakika chache na nyongeza ya sekunde 30. Hayo yalirudiwa hatua baada ya hatua, usiku, baada ya saa saba. Ukichora mstari wa tathmini ya injini katika kipindi hicho, unaonekana umelala. Ukichora mstari wa mzigo, wa mweupe, Carlsen, umelala na wa mweusi, Nepomniachtchi, unapanda, haushuki.

Kushindwa kwake sikushangai hata kidogo. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba alifika hatua ya 130.

Halafu kuna kilichofuata. Mchezo wa saba ulichezwa siku hiyohiyo iliyopambazuka, tarehe 4, ukaisha sare. Katika mchezo wa nane Nepomniachtchi alisogeza askari b5 na kupoteza askari mwingine bure. Katika wa tisa alisukuma askari c5, Carlsen akajibu kwa askari mmoja tu, na askofu wa Nepomniachtchi akafungiwa asiwe na pa kutokea. Katika wa kumi na moja akasogeza g3, na ubingwa ukaamuliwa: 7.5 kwa 3.5, michezo mitatu ikiwa haijachezwa. Huyu ndiye aliyekuwa amecheza michezo mitano ya kwanza sare na bingwa bila kuyumba.

Hapa programu yangu ilinifundisha kitu. Nilipopima nafasi ya c5 peke yake, haikuwa nyembamba. Kulikuwa na hatua nyingi za kawaida. Saa haikuwa inambana. Kwa vipimo vyote vya nafasi, mzigo ulikuwa mdogo, na bado mmoja wa wachezaji bora duniani hakuona jambo ambalo mtoto wa klabu angeliona. Jibu pekee linaloingia akilini ni kwamba mzigo haufutwi kete zinaporudishwa sandukuni. Unalala nao, unaamka nao. Kwa hiyo nikaongeza kipimo cha tano, ambacho ni limbikizo: hatua ngapi nyembamba mfululizo, saa ngapi mezani, mapumziko marefu kiasi gani kabla ya mchezo unaofuata, na je, uko nyuma kwa pointi. Hili la kuwa nyuma lina ushahidi wake. Julio González-Díaz na Ignacio Palacios-Huerta walichunguza mechi za sataranji ambazo wachezaji hupishana rangi na kila mmoja hupata nyeupe idadi sawa. Aliyeanza na nyeupe katika mchezo wa kwanza alishinda mechi karibu mara sita katika kumi. Rangi ziligawanywa sawa. Tofauti ni kwamba mwenye nyeupe mwanzoni hutangulia mara nyingi zaidi, na mwenzake hucheza akimkimbiza.

Singapore nayo, tarehe 12 Desemba 2024. Mchezo wa kumi na nne, wa mwisho, wa kuwania ubingwa wa dunia, bingwa Ding Liren na mpinzani wake Gukesh wakiwa sawa kwa pointi. Gukesh ana askari mmoja zaidi, lakini askari wote wako upande mmoja, na kila aliyekuwa akitazama alishaanza kuzungumzia michezo ya haraka ya kesho yake. Hatua ya 55 Ding aliweka ngome f2. Gukesh akala, Ding akala, kisha askofu wa Gukesh akaja d5. Askofu wa Ding alikuwa pembeni kabisa ya ubao, hakuweza kukwepa kubadilishana, na kilichobaki kilikuwa wafalme na askari, ambapo askari mmoja wa ziada anatosha. Gukesh akawa bingwa akiwa na miaka 18.

Upana wa njia kwenye hatua ya 55? Haukuwa gogo. Zilikuwepo hatua kadhaa za kuendelea kushikilia. Ila Ding alikuwa amejilinda saa nyingi, huu ni mchezo wa kumi na nne, taji liko mezani, na yeye mwenyewe alikuwa ameshasema hadharani kwamba tangu alipoupata ubingwa mwaka 2023 alipitia kipindi kigumu cha afya ya akili. Kisha watu wenye simu mkononi, mstari wa injini ukiwa wazi mbele yao, wakasema kosa la mtoto mchanga. Iliniuma. Bado inaniuma. Mtu anayetazama ubao akiwa na injini hajui lolote kuhusu kuutazama bila injini, na kipimo cha mzigo, hata kikiwa cha kukadiria tu, kingewekwa kando ya ule mstari kwenye matangazo, kingewafundisha watu adabu.

Rafiki yangu ambaye ni daktari aliniuliza, kwa ukali wa kirafiki, napima nini hasa: presha au ugumu? Nikamjibu kwamba napima kinachowekwa juu ya mabega, mabega yenyewe siyapimi. Vijana wawili wanaweza kukaa mbele ya nafasi ileile wakiwa na dakika zilezile, mmoja moyo unamwenda mbio na mwingine anafikiria chapati za nyumbani. Kompyuta itawapa namba moja. Kuujua moyo unahitaji kuupima moyo, na kuna mashindano ambako wachezaji wamevalishwa vifaa vya kuhesabu mapigo. Kuna na vitu ambavyo hata mchezaji hajui vinamlemea. Watafiti watatu walipima vumbi laini la hewani kwenye mashindano ya Ujerumani, wachezaji 121, hatua zaidi ya 30,000 zikakaguliwa kwa injini. Hewa ikichafuka, makosa yanaongezeka, na yanaongezeka zaidi saa inapobana kuelekea hatua ya 40. Tangu niisome, sifungi madirisha ya ukumbi wetu hata mvua ikinyesha, na jenereta tumeihamishia nyuma ya jengo.

Pale klabuni ripoti za vijana nimezibadilisha. Hawapewi tena orodha ya makosa. Wanapewa mchoro wenye mistari miwili, wa tathmini na wa mzigo, na kazi yao ya kwanza ni kutafuta mahali mzigo ulipopanda bila tathmini kubadilika. Wanapafahamu mara moja. "Mwalimu, hapa tumbo lilinikata." "Hapa nilikuwa nasali." Kisha tunarudi nyuma hatua tatu nne kabla ya hapo, tunauliza: je, kulikuwa na njia ya kutoingia kwenye gogo? Mara nyingi ilikuwepo. Kubadilishana malkia mapema, kurudisha askari, kutumia dakika mbili wakati bado zipo. Kuna binti mmoja, msikivu sana, aliyekuwa akicheza vizuri na kuporomoka mwishoni mwa kila mchezo. Mama yake alinijia akisema, "Mwalimu, huyu mtoto hana roho ya mashindano." Nilimwonyesha mchoro. Mwanawe alikuwa anajichagulia nafasi nzito kuliko wenzake wote, tangu hatua ya kumi, kila mchezo, na alikuwa anazimudu mpaka dakika zinapomwishia. Mama alikaa kimya, akauliza, "Kumbe anabeba mengi?" Anabeba mengi, mama. Siku hizi tunafanya mazoezi ya saa tu, na ya kujua lini nafasi nyepesi ni nafasi nzuri.

Kuna matumizi ninayoyakataa. Nimeshaombwa namba hizi zisaidie kuchagua timu, yaani nani "anavunjika" na nani "havunjiki". Siwezi kutoa. Namba inaeleza nafasi na saa kwa uhakika fulani. Ikigeuzwa kuwa hukumu ya tabia ya mtoto wa miaka kumi na tatu, inakuwa uongo wenye desimali. Anayetaka kujua mtoto anahimili vipi, na akae naye baada ya mchezo.

Tatizo letu kubwa la sasa ni data. Michezo ya mtandaoni ina muda wa saa, na vijana wetu wanaicheza kwenye simu, lakini mashindano yenye uzito, yenye vikombe na wazazi ukumbini, yanachezwa kwenye mbao za kawaida na saa za mezani. Mchezo ukiisha tunabaki na karatasi ya hatua, bila muda wowote, yaani nusu ya mzigo imepotea. Suluhisho liko kwenye kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, zenyewe: karatasi ya kuandikia hatua inaruhusiwa kuandikwa muda wa saa. Sasa nawafundisha vijana kuandika dakika walizobakiza kando ya kila hatua ya tano, na wakiwa chini ya dakika kumi waache, wasijiongezee kazi. Mwanzoni walilalamika. Sasa wengine wanaandika kila hatua kwa kupenda wenyewe, na mmoja amenieleza kwamba kule kuandika tu kunamfanya aitazame saa kabla haijamtisha.

Ninawaomba waandaaji wa mashindano ya vijana hapa Pwani watenge safu ya muda kwenye karatasi wanazochapisha. Ni mstari mmoja wa ziada kwenye faili la printa. Anayehitaji mfano wa karatasi yenye safu hiyo, ninao, nitampa, na programu ya kuchora ile mistari miwili nitampa pia bila malipo.